Gumba ni la Ugali

Juzi mke wa mwanangu alipika pilau, na kabla sijaonja hata punje nilijikuta nimeweka mikono juu ya mkeka, nakunja kidole kimoja kimoja. "Mama, unahesabu nini?" akaniuliza. Nikamwambia nahesabu wageni. Uongo mtupu. Ilikuwa harufu ya karafuu. Mimi nikinusa karafuu vidole vyangu huanza kazi vyenyewe, vinane, magumba yakiwa pembeni, na ukinisemesha wakati huo nitayapima maneno yako kabla sijayasikia. Nyinyi wa rika langu, mlioonja fimbo za enzi ya Mdachi, mtanielewa. Kila mmoja wetu ana harufu yake ya shule. Wengine ni chaki, wengine ni ngozi ya kiboko. Yangu ni karafuu.

Mwalimu Sefu alikuja kwetu, upande wa Nzuguni, akitokea Pangani, wakati ambapo reli ilikuwa bado iko njiani kuelekea Dodoma. Alikuwa mrefu na mwembamba, na kanzu yake ilikuwa nyeupe kwa siku moja tu, maana vumbi la Ugogo halijui mgeni. Alikuwa na jino bovu la nyuma, na dawa yake ilikuwa karafuu, alizozitafuna tangu asubuhi hadi jua linazama. Tena aliogopa ng'ombe. Ndama akikatiza mbele ya darasa, Mwalimu alikumbuka ghafla kwamba ana jambo la kutuonyesha upande wa pili wa nyumba. Katika nchi ambayo mtu huheshimiwa kwa zizi lake, mwanamume mzima anayemkimbia ndama alikuwa kitu cha kutazamwa, na siku zile za kwanza wazee walikuja na vigoda vyao wakakaa kumtazama.

Boma lilikuwa limemwamuru jumbe wetu atoe watoto wa kiume waje kusoma. Jumbe akapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikamtolea mtoto ambaye haina kazi naye: huyu mvivu, yule mlafi, mwingine amepoteza mbuzi mara nyingi mno. Baba hakuweza kumtoa kaka yangu Ndahani, kwa sababu ng'ombe wangechungwa na nani? Akanitoa mimi. Nilikuwa nimenyolewa kipara na kuvikwa kingozi cha mbuzi kama watoto wote, na jumbe alikuwa na haraka. Mwalimu hakujua kuwa amepewa msichana mpaka siku mama alipokuja darasani kunichukua nikasage uwele.

Mwalimu alinitazama, akamtazama mama, akahamisha karafuu yake kutoka shavu hili kwenda lile. "Mizani haijui mume wala mke," akasema. "Mwache, mama. Huyu ana sikio."

Mama hakuelewa mizani ni kitu gani, lakini alisikia neno sikio, na akarudi nyumbani akiamini kuwa ninaumwa. Nikabaki. Na nilijua bahati niliyoipata. Kila msichana wa rika langu pale kijijini alikuwa amekwisha kupiga magoti nyuma ya jiwe la kusagia, na jiwe la kwetu lilikuwa kubwa kuliko yote, mali ya bibi mzaa baba. Shule ikivunjika, magoti yangu yalikuwa na mahali pa kwenda. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko kiboko, na kila asubuhi nilipolipita jiwe lile mlangoni nililisalimu kwa adabu.

Kazi aliyopewa Mwalimu Sefu na boma ilikuwa kutufundisha kusoma, kuandika na hesabu za kutosha kumfaa karani. Alitufundisha, sikatai. Lakini jua likipanda kidogo na askari wa zamu akiwa mbali, uso wake ulibadilika, naye akasema, "Sasa tufanye kazi." Hapo ndipo yalipoanza mashairi. Alituambia ubeti una mistari minne kama kuta za tembe, kila mstari una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane, si saba wala tisa. Mwishoni mwa kila kipande kuna kina, na vina havibadiliki njiani. Mstari wa nne ni kituo, ambapo mtu anatua mzigo. Sisi watoto wa ng'ombe tulikuwa hatujui Kiswahili vizuri, kwetu tulisema Kigogo, basi tulijifunza vina kabla ya kujua maana. Niliweza kukupa maneno mengi yanayoishia kwa "bu" nisiyojua hata moja ni nini.

Mizani tulihesabu kwa vidole. Vidole ukiondoa magumba ni vinane, Mungu mwenyewe alikwisha kupanga, alisema Mwalimu. Ukisoma kipande ukakunja vidole vinane, ukanyamaza, umepata. Ukifika kwenye gumba umeharibu. "Gumba ni la ugali," alisema, na fimbo ikalishukia lile gumba palepale. Jioni nilipokula nyumbani, nikibonyeza tonge ili nichote mlenda, gumba langu lililovimba lilinikumbusha kina nilichokosea.

Baada ya umbo likaja somo la kuchambua, na huko ndiko tulikopotea kabisa. Mwalimu alisema shairi limevaa nguo. Kuna maana ya nje, ambayo ni nguo, na kuna maana ya ndani, ambayo ndiyo mwenye nguo. Mchambuzi kwanza anasema nguo ikoje, ndipo anamtaja aliyeivaa. Mshairi akitaja kitu, usikimbilie kitu hicho, tafuta kingine. Kisha akatupa ubeti huu, alioutunga mwenyewe:

Ninalo tunda la kwetu, manyoya yake mwilini,
Halivunjwi na kiatu, lina maji humo ndani,
Hukamuliwa na watu, pasipo kwenda zizini,
Nambieni wana wetu, jina lake kitu gani?

Tuliumia vichwa. Kiatu tulikuwa tumekiona kwenye miguu ya askari tu. Mtoto wa jumbe akasema ni mbuyu. Mwalimu akauliza mbuyu unakamuliwa wapi. Mwingine akasema ni ng'ombe. Mwalimu akasema ametaja tunda, iweje liwe ng'ombe? Mimi nikakumbuka somo: limetajwa tunda, basi si tunda. Nikafuata nguo hatua kwa hatua. Lina manyoya mwilini. Ni gumu, hata likipigwa teke halisikii. Lina maji tumboni. Na linahusika na kukamua maziwa mahali ambapo si zizini. Jibu likanijia safi. Nikasimama.

"Shikamoo Mwalimu. Ni kaka yangu Ndahani."

Mwalimu akaacha kutafuna. "Eleza."

Nikaeleza. Ndahani ameanza kuota manyoya kifuani na anajivunia. Akipigwa hasikii. Tumbo lake linalia maji akikimbia. Na malishoni, mbali na zizi, hukamua ng'ombe wa baba akanywa peke yake, kisha jioni anasema nyasi ni kavu, ng'ombe hawana maziwa. Darasa zima likakubali. Hakukuwa na jibu jingine lililoingia kila mstari namna ile. Mwalimu akasema, "Ni nazi." Tukamwuliza nazi ni nini. Akatueleza juu ya mti usio na matawi ambao matunda yake yana maji na yana maziwa, na sisi tukamwonea huruma, maana ilikuwa dhahiri amekosa jibu na sasa anatunga.

Habari ikamfikia baba kabla mimi sijafika nyumbani. Kesho yake alimfuata Ndahani malishoni kwa kunyata na akamkuta amelala chali chini ya chuchu za ng'ombe wetu mwekundu, mdomo wazi. Sitasimulia fimbo zile. Lakini tangu siku hiyo baba, ambaye alinitoa niende shule kama mtu anavyotoa kuku mgonjwa, aliwaambia wenzake, "Kumbe ushairi una faida." Watu wakaanza kuja kwa Mwalimu. Mzee mmoja aliyepotelewa na mbuzi alikuja kuomba atungiwe ubeti ili mbuzi aonekane. Mwalimu alikataa, akasema hiyo si kazi ya mashairi, na yule mzee akaondoka akinung'unika kwamba watu wa pwani wana choyo.

Basi likaja neno kutoka boma. Bwana Mkubwa, Mdachi mwenyewe, anazunguka vijijini, na atafika kwetu kuona kama shule yetu ina maana. Watoto wakionekana wanajua Kiswahili, shule itabaki. Wakionekana hawajui, mwalimu atahamishiwa mjini, karibu na reli, na huku kwetu basi. Usiku huo niliota jiwe la kusagia limesimama mlangoni linaniita kwa jina.

Mwalimu akatunga shairi la kumkaribisha, akanichagua mimi nilighani mbele ya watu wote. Alinipa tuni yake ya Pangani, ya taratibu, yenye mikunjo. Wenzangu aliwapa kazi moja tu, kunyamaza. "Shairi husikilizwa," aliwaambia. "Mtu akighani, wengine hufunga midomo. Atakayekohoa atanijua." Wenzangu wakafanya mazoezi ya kunyamaza wiki nzima, na wakawa hodari.

Sasa, kuna jambo ambalo Mwalimu hakulijua, na sisi hatukujua kuwa halijui. Kwetu Ugogo wimbo si wa mtu mmoja. Mmoja hutupa, wengine hudaka. Ukisikia mtu ameanza, umekaa au umesimama, una kazi au huna, unamjibu. Kumwacha mwimbaji bila jibu ni kumtenga. Hufanyiwa mchawi, au aliyemwibia ndugu yake ng'ombe. Na mwimbishaji mkuu wa wanawake wa kijiji kizima alikuwa bibi yangu, mwenye jiwe.

Siku ikafika. Bwana Mkubwa akaketi kwenye kiti chake cha kukunja, uso mwekundu kwa jua, karani wake upande huu na askari upande ule. Jumbe alivaa koti zito alilopewa na boma, jasho likimtoka. Watu walijaa uwanjani, wengine wakapanda juu ya mapaa ya tembe. Wanawake walikaa pamoja, na ngoma zao ndogo, maana mtu haendi kwenye shughuli mikono mitupu. Mwalimu akasimama nyuma yangu, nikasikia karafuu. Nikaanza:

Karibu Bwana karibu, twafurahi kukuona.

Nikashusha pumzi kama nilivyofundishwa. Kimya. Wenzangu walikuwa wamefunga midomo hata mashavu yamevimba. Ndipo nikamwona bibi akigeuza kichwa, akiwatazama wenzangu mmoja mmoja. Alichokiona yeye ni hiki: mjukuu wake amesimama peke yake mbele ya wageni, ametupa wimbo, na watoto wa rika lake wamemtenga. Alisimama. Bibi hakuwa mrefu, lakini alipokuwa na hasira alitosha. Akajibu kwa Kigogo, kwa sauti iliyowafikia walio juu ya mapaa, "Nawe utaondoka lini?" Wanawake wote wakadaka, "Heee, utaondoka lini?" na ngoma zikaingia.

Mwalimu alikuwa anahesabu. Nilipogeuka nilimwona amemaliza vidole, magumba yote mawili yamesimama, na sasa anatazama vidole vya miguu yake ndani ya makubazi. Midomo yake ilisema "endelea". Nikaendelea:

Hapa hapana taabu, neema tele twavuna.

Mvua mwaka ule ilikuwa imetupita mbali. Bibi akauliza, "Shamba hilo liko wapi?" na wanawake wakamsaidia kuuliza, mabega yakitikisika, shanga zikilia. Wenzangu nao wakashindwa. Mtoto wa jumbe ndiye aliyefungua mdomo kwanza. Nilipofika kwenye kituo, kinachosema *Sema nasi tutajibu, kwa sauti moja, Bwana*, kijiji kizima kilikuwa kinajibu kwa sauti moja, na hakuna aliyekuwa akijua shairi limeishia wapi.

Bwana Mkubwa akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Kiswahili alikijua, chake kilikuwa kigumu na kilichonyooka. "Mtoto nimemsikia," akasema. "Yule mama mzee, anasema nini? Jumbe?"

Jumbe alikijua Kigogo tangu kwenye titi la mamaye. Akatazama ardhi. "Bwana, huu ni ushairi," akasema. "Mimi sina elimu hiyo. Aulizwe Mwalimu."

Mwalimu Sefu maneno ya Kigogo aliyoyajua yalikuwa mawili, "mbukwa" ya kusalimia na lile la kumfukuza ng'ombe. Akameza mate, nadhani na karafuu pia. "Bwana, uchambuzi huufanya mwanafunzi," akasema. "Ndivyo ninavyofundisha." Akaniwekea mkono begani.

Kwa hiyo swali likanifikia mimi. Nilimtazama bibi, aliyekuwa bado amesimama, mikono kiunoni, akiona kwamba amenisaidia. Nilimtazama askari na kiboko chake. Nikaliona jiwe. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa: nguo kwanza.

"Anauliza, Bwana utaondoka lini," nikasema.

Watu waliojua Kiswahili walivuta pumzi. Karani akaacha kuandika. Nami nikavua nguo nimtafute mwenyewe, na Mungu si Athumani, nikampata.

"Hiyo ni maana ya nje. Maana ya ndani ni chakula cha njiani. Kwetu mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu. Anataka kujua siku yako, akupikie. Na lile la shamba, anawauliza wenzake watachukua wapi unga mzuri wa kukutosha wewe na watu wako."

Bwana Mkubwa alimtazama bibi. Kisha akatabasamu, jambo ambalo halikumkaa vizuri usoni, akamwinamia kichwa. "Mwambie kesho asubuhi," akasema. "Na mwambie ahsante." Akamgeukia karani wake akasema maneno kwa Kidachi, na karani baadaye akamnong'oneza jumbe kwamba shule inabaki, kwa sababu watoto hawakukariri tu, wanafahamu.

Nilipomfasiria bibi kwamba Mdachi amekubali chakula chake, aliniuliza, "Chakula gani?" Usiku ule kuku wetu wote walichinjwa, na wa jirani pia, maana msafara ule ulikuwa na wapagazi wengi. Uwele wa kuwalisha ulisagwa na mimi na bibi, bega kwa bega, nyuma ya jiwe lilelile nililolikimbia, mpaka majogoo wangewika kama wangekuwepo. "Umenifanya niwe mkarimu," alisema bibi, na hakunisemesha tena mpaka mwezi ukaandama.

Mwalimu aliningoja kesho yake. Alinipeleka pembeni akaniuliza bibi alikuwa amesema nini hasa, maana ya ndani kabisa. Nikamwambia ndani hakukuwa na kitu, ilikuwa nguo tupu. Alicheka akaketi chini vumbini na kanzu yake, akicheka na kulishika shavu lenye jino bovu, na ng'ombe akapita karibu naye, yeye asimwone. Sikuwa nimewahi kumpenda mtu asiye wa kwetu, na siku ile nilimpenda.

Tulisoma tukafika mbali kidogo. Kisha vita vikaja, Wazungu kwa Wazungu, na boma likawaita wote waliojua kuandika. Mwalimu Sefu alipewa siku moja ya kufunga mzigo wake. Nilitaka kulia lakini sikujua kama inaruhusiwa mbele ya mwalimu. Jioni bibi aliniita akaniambia nimfundishe maneno kadhaa ya Kiswahili, yeye aliyekuwa akisema kwamba lugha hiyo ni ya watu wanaouza vitu. Nilimfundisha maneno. Mizani sikumfundisha.

Asubuhi kijiji kilitoka. Mwalimu alisimama na bakora yake na furushi, askari wakimngoja, na bibi akatoka mbele ya wanawake wengine akamtupia, kwa ile tuni ya Pangani yenye mikunjo, alikoishikia sijui:

Mwalimu utarudi lini?

Nilimwona Mwalimu Sefu akihesabu. Hakuweza kujizuia, ndivyo alivyokuwa. Vidole vilikunjwa kimoja kimoja ubavuni mwa kanzu, vikaisha vinane, na gumba moja likabaki limesimama peke yake, lile gumba ambalo mimi nilipigwa kwa ajili yake mara zisizo idadi. Alilitazama. Kisha akalikunja nalo, akalificha ndani ya ngumi.

"Imetimia," akasema.

Akageuka, akaenda. Wanawake walikuwa bado wamesimama, ngoma mkononi, wakingoja adake. Nilimwona akipungua njiani pamoja na vumbi lake, wala hakutupa neno nyuma. Hakurudi, wala sikupata kusikia aliishia wapi. Shule ilifungwa, nami nikaenda kwenye jiwe. Siku ile alipoondoka nilipandwa na hasira, nikamwambia bibi kwamba Mwalimu ametutenga, tumemwimbia na hakujibu.

Bibi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kaniki yake. "Usimlaumu," akasema. "Ni mtu wa pwani. Kwao ukiimbiwa, unanyamaza."